Wachekeshaji wawili na damu nyingi: steringi wa "Balada triste de trompeta" ni yupi?

Kila filamu hii inapotajwa penye wapenzi wa sinema, swali la kwanza ni lile lile: steringi ni yupi? Wako wanaosema ni Javier, mmoja wa wachekeshaji wake wawili, kwa kuwa ndiye aliyeonewa tangu utoto. Wako wanaomkataa wakikumbuka anachokuja kufanya nusu ya pili. Wengine hukasirika moja kwa moja: filamu gani hii, damu kila kona, mtu wa kumshangilia hayupo, na mwisho unafika bila haki kutendeka? Kuna pia wanaoamini kwamba mtunzi alitaka tu kutusisimua kwa ukatili, akauvalisha nguo za sarakasi ili uonekane una maana.

Mimi naipenda filamu hii na nina ugomvi nayo pia, na ugomvi wenyewe nitaueleza. Kwanza nataka tuelewane inafanya nini, kwa sababu wengi wanaoikataa wanakataa jambo ambalo haikulisema, na baadhi ya wanaoisifu wanaisifu kwa sababu mbaya zaidi.

"Balada triste de trompeta" ilitoka mwaka 2010. Iliandikwa na kuongozwa na Álex de la Iglesia, Mhispania aliyezaliwa Bilbao mwaka 1965. Inahusu wachekeshaji wawili wa sarakasi, wale wa kupaka nyuso rangi na kuvaa nguo pana, wanaomgombania mwanamke mmoja mpaka wanaharibu kila kilichowazunguka.

Kuna maneno manne ya kuwekana sawa kabla hatujaenda mbali. Utata wa kimaadili ni hali ya mtazamaji kushindwa kumweka mhusika upande wa wema au wa uovu akatulia. Haina maana kwamba wema na uovu havipo. Kitendo kinaweza kuwa kiovu mchana kweupe, na aliyekitenda bado akawa mtu unayemwonea huruma. Ukatili, kwa makala hii, ni kumuumiza mtu kwa nguvu, mwili wake au utu wake. Halafu kuna sababu na udhuru, na hapa ndipo mazungumzo mengi huharibikia. Sababu hujibu swali la ilikuwaje. Udhuru hujibu swali la nani asilaumiwe. Filamu hii inatoa sababu kwa wingi sana. Udhuru haitoi hata mmoja, na mtazamaji anayechanganya viwili hivyo atatoka akiamini ameambiwa kwamba Javier ana haki.

Kisa chenyewe

Mwaka ni 1937, mji ni Madrid, Hispania iko vitani. Ndani ya hema la sarakasi wachekeshaji wanawafurahisha watoto huku mabomu yakisikika nje. Wapiganaji wa serikali ya Jamhuri wanaingia na kuwalazimisha wanaume kwenda kupigana hapo hapo. Mmoja wao ni baba yake Javier. Hapewi hata nafasi ya kuvua nguo za kuchekeshea. Anakabidhiwa panga, anatoka nalo na wigi kichwani, na anawakata askari wa upande wa pili mmoja baada ya mwingine. Baadaye anakamatwa na kupelekwa kwenye kazi za shuruti za kuchonga mlima, mahali tutakaporudi.

Mtoto wake anapomtembelea kifungoni, baba anampa usia. Anamwambia hataweza kamwe kuwa mchekeshaji wa kuchekesha, maana ameshaona majonzi mengi mno. Awe mchekeshaji wa huzuni, na majonzi yake ayatulize kwa kisasi. Javier anajaribu kumwokoa baba, jaribio linageuka maafa, baba anakufa mbele ya macho yake, na kanali mmoja aitwaye Salcedo anabaki na jicho moja.

Kisha tunaruka hadi 1973. Javier, mnene, mpole, wa miwani, anaomba kazi kwenye sarakasi kama mchekeshaji wa huzuni. Bosi halisi wa pale ni Sergio, mchekeshaji anayejifanya mpumbavu jukwaani na anayependwa na watoto kuliko wote. Nje ya jukwaa Sergio ni mlevi, na anampiga mpenzi wake Natalia, msanii wa kuning'inia hewani kwa kitambaa. Siku ya kwanza tu Javier anamuuliza Sergio kwa nini amechagua kazi hii. Sergio anajibu kwamba kama asingekuwa mchekeshaji angekuwa muuaji. Javier anamjibu kwamba na yeye pia.

Watu wengi hupita sentensi hiyo wakicheka. Mimi naiona kama mkataba wa filamu nzima. Ndani ya dakika za mwanzo za ufahamiano wao, mpole na mkali wameungama kitu kimoja. Tofauti ni kwamba Sergio ameshaanza kukitenda, na Javier bado.

Javier anampenda Natalia, Sergio anagundua na kumpiga nusura ya kufa. Javier anatoroka hospitali na kumshambulia Sergio usoni kwa tarumbeta, anamharibu sura asitambulike. Anakimbilia porini, anaishi kama mnyama, na anaangukia mikononi mwa Salcedo yule yule, ambaye sasa ni mzee mwenye heshima zake, rafiki wa wakubwa. Salcedo anamtumia kama mbwa wa uwindaji, anakimbia kwa miguu na mikono kuleta ndege waliopigwa risasi. Kwenye uwindaji mmoja mgeni rasmi ni Franco mwenyewe, mtawala wa Hispania, na Javier anamng'ata mkono. Baada ya hapo anajichoma uso kwa dawa kali na pasi ya moto ili rangi za mchekeshaji zisifutike tena, anabeba bunduki, anaingia mjini. Kilichobaki ni kumteka Natalia na kupambana na Sergio.

Nani humpiga nani

Ili utata wa filamu uonekane vizuri, tuangalie kidogo jinsi sarakasi ya Ulaya inavyowapanga wachekeshaji wake. Kwa desturi wanakuwa wawili. Mmoja ni mwerevu wa uso mweupe, nadhifu, anayetoa amri na kukasirika. Wa pili ni mpumbavu wa pua nyekundu na viatu vikubwa, anayekosea kila kitu na kupigwa. Watoto humpenda wa pili kwa sababu ni kama wao: hajui, anaonewa, na mwishowe hushinda kwa bahati. Wahispania wanaujua mpangilio huu hadi mifupani. Mwaka huo huo wa 1973 televisheni ya taifa ilianza kurusha kipindi cha akina Gaby, Fofó na Miliki, ndugu wa ukoo mmoja wa wachekeshaji, na kizazi kizima kilikua kikiwaimba. Mtoto wa Fofó, Fofito, ndiye anayeonekana mwanzoni mwa filamu akicheza mchekeshaji mwerevu. Kwa Mhispania wa umri fulani, ile sura yake kwenye hema la 1937 inauma kwa namna ambayo sisi wa mbali hatuwezi kuihisi hadi tuambiwe.

De la Iglesia anaupindua mpangilio huo. Mpumbavu anayependwa na watoto ndiye mtesaji. Mwenye huzuni, ambaye kazi yake jukwaani ni kupokea vipigo ili mwenzake ang'are, ndiye mnyonge wa kweli, na baadaye anageuka kuwa tishio kubwa zaidi. Halafu mtunzi anazidi kutunyima raha, maana mapenzi ya Sergio kwa watoto si ya kuigiza. Akishaharibiwa uso, watoto wanamkimbia, na maumivu yake tunayaamini. Nilipoitazama mara ya kwanza nilijikuta namhurumia mtu ambaye nusu saa nyuma nilitaka aangamie, na sikupenda kujikuta hapo. Lakini huruma ile haikufuta kipigo hata kimoja cha Natalia. Vyote viwili vilikuwepo kwa pamoja, na hiyo ndiyo maana halisi ya utata: kubeba hukumu na huruma kwa mtu mmoja bila kutupa chochote.

Wazo la mchekeshaji anayeua si geni. Opera ya Leoncavallo ya mwaka 1892, "Pagliacci", ina mchekeshaji mwenye wivu anayemuua mkewe jukwaani watazamaji wakidhani ni mchezo. Jipya hapa ni kwamba wivu umepandwa juu ya historia ya nchi nzima.

Vita, mlima na mwaka 1973

Mwezi Julai 1936 sehemu ya jeshi la Hispania iliasi dhidi ya serikali iliyochaguliwa. Vita vikachukua karibu miaka mitatu, hadi tarehe 1 Aprili 1939. Waasi, waliosaidiwa na Hitler na Mussolini, walishinda, na Jenerali Francisco Franco akatawala kwa mkono wa chuma hadi alipofariki tarehe 20 Novemba 1975. Kwa hiyo filamu inaanzia katikati ya vita na kuishia mwisho mwisho wa udikteta. Umri wa Javier ni umri wa kovu hilo.

Mlima unaochongwa ni Valle de los Caídos, yaani Bonde la Walioanguka, kiasi cha kilomita 50 kutoka Madrid. Ujenzi ulianza 1940, na wafungwa wa upande ulioshindwa walitumikishwa humo. Lilizinduliwa mwaka 1959: kanisa kubwa ndani ya mwamba, na juu yake msalaba wa mita 150. Humo ndani wamezikwa watu zaidi ya 33,000 wa pande zote mbili, na wengi wa upande ulioshindwa walihamishiwa humo bila familia zao kuulizwa. Franco naye alizikwa pale mwaka 1975. Pambano la mwisho la wachekeshaji linafanyika juu ya msalaba huo. Anayeona jengo refu tu anaona tukio la kawaida la filamu za mapigano. Anayejua ni nini kiko chini yake anaelewa kwamba watu wawili wanagombania mwanamke juu ya kaburi la maelfu.

Tukio la tatu la kujua ni la tarehe 20 Desemba 1973. Waziri Mkuu wa Franco, Luis Carrero Blanco, aliuawa Madrid na ETA, kundi lenye silaha lililodai uhuru wa eneo la Wabasque kaskazini mwa Hispania, waliochimba handaki chini ya mtaa wa Claudio Coello na kulijaza baruti. Mlipuko ulilirusha gari lake juu ya jengo na likaangukia uani upande wa pili. Filamu inamleta Javier pale pale, akiwa na uso wake ulioungua na bunduki zake, anakutana na walipuaji, na anawauliza wao wanatoka sarakasi gani.

Swali hilo limewaudhi watu, nami naelewa kwa nini. Carrero Blanco alikuwa nguzo ya udikteta, na wapo waliouona mlipuko ule kama pigo la ukombozi. ETA nayo iliendelea kuua kwa miongo kadhaa baada ya udikteta kuisha, wakiwemo raia wasio na hatia. Filamu haitoi uamuzi. Inawaweka walipuaji machoni pa mwendawazimu, naye anawatambua kama wenzake wa kazi.

Deni linalodaiwa kwa mtu mwingine

Waswahili wana msemo wa haraka: mtoto wa nyoka ni nyoka. Baba alishika panga, mtoto akashika bunduki, basi damu ni ile ile. Nadhani huo ni usomaji mbovu. Baba yake Javier alikuwa mtu wa kuchekesha watoto. Panga alipewa na wengine, na waliompa, tukumbuke, ni upande uliokuwa unatetea serikali halali. Hapo ndipo utata unapoanza kuuma, kwa sababu jambo la haki lilimkamata mtu asiye na ugomvi na kumfanya muuaji mbele ya mwanawe. Javier hakurithi damu. Alirithi maneno aliyoambiwa kifungoni.

Fikiria daftari la madeni la dukani. Mzee anafariki na kumwachia mwanawe daftari, ndani yake limeandikwa deni kubwa la mtu mmoja mwenye nguvu. Mtoto hawezi kumfikia mdaiwa, ana walinzi na hakimu ni rafiki yake. Lakini daftari linamwasha mkononi. Basi anaanza kudai kwa yeyote anayepita mlangoni: jirani, mteja, mpita njia, hatimaye mkewe mwenyewe. Deni ni la kweli kabisa. Anayelipishwa siye mdaiwa wa kweli. Javier anadaiana na Salcedo na dola iliyomlinda Salcedo kwa miaka mingi. Anayelipishwa kwanza ni Sergio, kisha watu wa mtaani wasiomjua, na mwisho Natalia, ambaye hakuwahi kumkosea lolote.

Ndiyo maana nasema filamu inatoa sababu na haitoi udhuru. Ukimfuata Javier hatua kwa hatua, kila hatua unaielewa. Ukisimama mwisho na kutazama alipofika, hakuna hata hatua moja inayomhalalishia kumteka mwanamke na kumfungia mahali penye mafuvu ya watu. Na yeye, kama Sergio, anaita hilo mapenzi.

Kuhusu damu na vicheko

Ukatili wa filamu hii haufanani mwanzo hadi mwisho, na kuutaja kwa neno moja ndiko kunakozaa ubishi. Kuna vipigo vya jukwaani, vya kuanguka na kupigwa kibao, ambavyo kila mtu amekubaliana kuvicheka. Kuna vipigo vya nyumbani, vya Sergio kwa Natalia. Na kuna ukatili wa dola: kazi za shuruti, farasi wa maafisa, binadamu kugeuzwa mbwa. Mtunzi anavisogeza karibu karibu mpaka mpaka unapotea, na mtazamaji anajikuta bado ana kicheko mdomoni wakati kinachotendeka mbele yake si cha kuchekwa tena.

Tukio linaloonyesha haya kwa ukamilifu halina hata bunduki. Wasanii wa sarakasi wako mezani wanakula. Sergio anasimulia mzaha mchafu kuhusu kichanga kilichokufa. Wote wanacheka. Javier peke yake anasema haoni cha kuchekesha. Sergio anawaka, na hasira inamwangukia Natalia: anampiga mbele ya wote. Hakuna anayenyanyuka.

Sijaona darasa fupi kuliko hilo kuhusu maisha chini ya mtu mmoja asiyepingwa. Kicheko cha pale mezani kilikuwa kodi. Kila mtu aliilipa ili usiku upite salama, na aliyekataa kulipa alisababisha mwingine, asiyehusika, kulipishwa kwa mwili wake. Wale waliokaa kimya ni watu wema, wanamtunza tembo wao na mbwa wao, wanamjali Natalia kwa kunong'ona. Wema wao haukumsaidia chochote. Tukitafuta watu wa kufanana nao katika filamu hii, sisi watazamaji, tuanzie meza ile kabla hatujafika kwa Javier au Sergio.

Je, filamu inausifu ukatili? Kipimo changu ni rahisi: baada ya pigo, kamera inakwenda wapi? Kwenye filamu ya kusifu, kamera hubaki na mpigaji, muziki unapanda, aliyepigwa anasahaulika. Hapa, mara nyingi, tunabaki na matokeo: uso ulioshonwa vibaya, mtu asiyeweza tena kuonekana na watoto, mwanamke anayejifunza kuficha alama. Hata hivyo sitatetea kila dakika. Nusu ya pili ina sehemu ambazo mtunzi amelewa uwezo wake mwenyewe, milipuko na mbio zinaongezeka mpaka zile nyuso mbili zilizoungua zinaanza kuonekana kama vinyago vya kutisha. Anayesema imezidi hakosei, ingawa akisema haina maana atakuwa amekosea.

"Kwa hiyo wote ni sawa?"

Hili ndilo kosa kubwa kuliko yote katika mijadala, nalo linatoka pande zote mbili. Wengine wanaichukua filamu kama ushahidi kwamba vitani hakuna mwenye haki, walioasi na walioasiwa ni kitu kimoja, tusahau yaishe. Wengine wanaikasirikia kwa madai kwamba imesema hivyo.

Kuonyesha kwamba pande mbili zilimwaga damu hakumaanishi kusema pande mbili zilikuwa na uzito sawa. Mmoja aliasi serikali iliyochaguliwa, akashinda, akatawala karibu miaka 40. Filamu hailifichi hilo: aliyefungwa ni baba wa Javier, anayewinda na Franco ni Salcedo, na msalaba mlimani umejengwa na walioshindwa kwa amri ya washindi. Kinachokataliwa na filamu ni faraja moja tu, ile ya kuamini kwamba aliyedhulumiwa anabaki msafi milele kwa sababu ya kudhulumiwa. Hilo ni jambo tofauti kabisa na kusema dhuluma haikuwepo.

Kwa Wahispania jambo hili lina jina na tarehe. Mwaka 1977, wakiingia kwenye demokrasia, walipitisha sheria ya msamaha iliyowafungulia wafungwa wa kisiasa na papo hapo ikawakinga waliotesa na kuua kwa niaba ya dola. Wengi waliiita njia ya kusahau kwa makubaliano. Ilisaidia nchi kuvuka bila vita vingine, na iliwaacha akina Salcedo wa kweli wafe vitandani mwao. De la Iglesia alikuwa mtoto mdogo wakati Carrero Blanco anauawa, na filamu yake ni ya kizazi kilicholelewa ndani ya ukimya huo.

Ugomvi wangu

Natalia. Mara nyingi hulinganishwa na Hispania yenyewe: wawili wanaomgombania, kila mmoja akidai kumpenda, wanamrarua katikati. Methali yetu inaingia hapo bila kusukumwa, wapiganapo tembo, ziumiazo ni nyasi. Usomaji huo una ukweli wake, hasa mwisho, anapojaribu kuwakimbia wote wawili kwa kujirusha kutoka msalabani akiwa amejifunga kitambaa chake cha sarakasi, na kitambaa kinapofika mwisho wake kinamvunja mgongo. Wanaume wawili wanabaki ndani ya gari la polisi wakitazamana, na huwezi kujua kama wanalia au wanacheka.

Lakini nyasi hazina sauti, na tatizo langu ni kwamba filamu nayo inakaribia kumnyima sauti. Javier amepewa utoto, baba, ndoto na wazimu wenye historia. Sergio amepewa mapenzi kwa watoto. Natalia tunamjua kupitia macho ya wanaomtaka. Kwa nini anarudi kwa Sergio baada ya kipigo? Filamu inadokeza kwamba ukali ule unamvutia, na watazamaji wengi huishia kusema "anapenda mwenyewe". Kauli hiyo tunaisikia mitaani kwetu kila mwanamke anapopigwa na kubaki, na ni ya uongo. Anayebaki huenda anaogopa kuuawa akiondoka, hana pa kwenda, kazi yake na mkate wake viko mikononi mwa mpigaji, au amezoeshwa kuamini kwamba siku tulivu za katikati ndizo mapenzi. Ndani ya filamu hiyo hiyo ushahidi upo: Sergio ndiye anayeleta watazamaji na fedha, na hema zima linamtegemea. Mtunzi aliweka ushahidi mezani na hakumpa Natalia nafasi ya kuusema. Kwenye filamu inayojua vizuri hivyo jinsi watu wanavyonyamazishwa, hilo ni pengo.

Pamoja na hayo dunia iliipokea kwa heshima. Kwenye tamasha la Venice la mwaka 2010, jopo likiongozwa na Quentin Tarantino, De la Iglesia alipewa Simba wa Fedha kwa uongozaji pamoja na tuzo ya uandishi. Nyumbani, kwenye tuzo za Goya, iliteuliwa mara 15 na kuondoka na mbili tu, ya vipodozi na ya athari maalumu.

Mzazi asidanganywe na nyuso za rangi kwenye bango: hii ni filamu ya watu wazima peke yao. Na aliyewahi kupigwa nyumbani ana haki ya kujua mapema kwamba yale matukio ya Sergio na Natalia ni mazito na ya karibu sana.

Mlima wenyewe umeendelea kubadilika tangu filamu itoke. Mwaka 2019 mwili wa Franco ulitolewa pale na kuzikwa kwingine. Mwaka 2022 sheria mpya ililirudishia bonde jina la zamani la mahali, Cuelgamuros, na mwaka uliofuata wataalamu walianza kufukua mifupa ndani ya mwamba ili kuwatambua waliodaiwa na familia zao. Wanaodai ni watoto na wajukuu wa watu kama baba yake Javier. Wanakuja na nyaraka na sampuli za vinasaba, na wanachoomba ni mzee wao wakamzike kijijini.